Firigisi na Nenosiri la Baba

Tangu mto ulipofungwa, kuku wa koko waliacha kuwa na firigisi. Krismasi alichinjwa kuku, Pasaka akachinjwa kuku, na kila mara sahani ilifika mezani na mapaja, mabawa, shingo, hata miguu, ila firigisi haikuonekana. Koko ni mama mzazi wa baba yangu; kwetu Kisangani babu na bibi wote ni koko. Baba mdogo, aliyekuwa mwanamume mkubwa pekee aliyebaki nyumbani, alichokonoa mchuzi kwa kijiko akitafuta, maana firigisi ni ya baba wa nyumba na jambo hilo halina mjadala. Koko alimtazama usoni bila hata chembe ya aibu.

"Kuku ya vita," alisema. "Haiko na firigisi."

Baba wa nyumba wa kweli alikuwa baba yangu, fundi cherehani, naye alikuwa Kinshasa. Alishuka na boti kwenda kununua vipuri vya mashine yake, akatuahidi kurudi upesi na vitenge, halafu vita vikaukata mto katikati. Sisi tukabaki upande wa waasi, yeye upande wa serikali, na boti hazikupanda tena. Simu hazikupita. Redio ya upepo, ile tunayoiita phonie, askari waliisikiliza neno kwa neno, kiasi kwamba hata kumuuliza mtu kama amekula kulionekana ni ujasusi.

Mimi nilikuwa nimesoma informatique, yaani mambo ya kompyuta, chuoni hadi walimu walipoacha kuja. Nikapata kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, aliyeuza chumvi, sabuni na betri kwa jumla. Sote tulimwita patron. Alikuwa ameleta dishi la setilaiti kwa ndege hadi Bangboka, uwanja wetu wa ndege, ili aandikiane na wauzaji wake wa Dubai, kisha akagundua kwamba mji mzima una mtu wa kumwandikia. Akapanga kompyuta nne nyuma ya magunia ya chumvi, akawasha jenereta, akaniambia nijenge mahali ambapo watu wa pande mbili za vita wataachiana maneno. Tulipaita Ukumbi. Patron alitoa sharti moja tu: pasiandikwe popote Ukumbi unakaa wapi wala nani anauendesha, kwa sababu askari wana masikio na mikono mirefu. Kwa hiyo katika kurasa zote nilikuwa "Mlinzi wa Ukumbi", basi.

Mwanzoni niliuacha wazi. Mtu anaingia, anaandika jina, anaandika maneno, anatoka. Kwa kawaida mimi ni mtu wa kuamini watu, na Ukumbi uliniponya ugonjwa huo haraka. Mtu akaandika kwa jina la chifu wa mtaa akiomba msamaha kwa wake zake wote, akiwataja na wasiojulikana. Mwingine akatangaza ndoa ya watu wawili ambao hata kusalimiana hawasalimiani. Mama mmoja wa sokoni alikuja dukani na mwiko mkononi akitaka kujua ni nani aliyemjibu mumewe wa Kinshasa kwamba amenenepa.

"Tengeneza mulango," patron akaniambia. "Kila mutu na mufunguo yake. Bon, kazi."

Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichoandikwa kwa ajili ya watu ambao umeme wao haukatiki. Kilieleza kwamba kila mwanachama awe na jina lake, nenosiri lake, na swali la siri la kumsaidia akisahau. Swali bora, kilisema kitabu, ni jina la ukoo la mama wa mhusika. Nilicheka peke yangu nyuma ya chumvi. Kwetu jina la mama yako ndilo linalopigiwa kelele barabarani ukikosea kidogo tu. Hata mwendesha toleka, zile baiskeli za abiria, analijua kabla ya kujua unakwenda wapi. Jina la shule ya kwanza? Nusu ya mji ilisoma shule moja ya mapadri. Nikaamua kila mtu ajitungie swali lake mwenyewe. Mzee mmoja akajitungia "Uko muzima?" na jibu lake "Ndiyo". Nikamwambia, papa, hili mtu yeyote atalijibu. Akaniambia nimshukuru Mungu ikiwa ni hivyo.

Sehemu niliyojivunia ilikuwa utunzaji wa nenosiri. Sikulihifadhi lenyewe. Nililiponda. Koko aliponiuliza kazi yangu ni nini hasa, nilimweleza akiwa kwenye kinu anatwanga pondu, majani ya muhogo: ukishatwanga, majani hayarudi kuwa majani, sivyo? Basi mtu akija na majani yake, mimi natwanga ya kwake pia, halafu nalinganisha pondu na pondu. Zikifanana, anaingia. Zisipofanana, mimi mwenyewe sijui alileta majani gani.

"Alors weye pia huwezi kuiba," koko akasema.

"Hata nikitaka."

"Iko kazi ya heshima, basi," akasema, akaendelea kutwanga.

Heshima hiyo ilidumu hadi wanachama walipoanza kuja. Kitabu changu kilisema nenosiri ni la mtu mmoja. Kisangani hakuna kitu cha mtu mmoja. Watu walisimama katikati ya duka wakapaza sauti: "Mama weee, mot de passe yetu iko nini tena?" na jibu likaja kutoka barabarani, herufi kwa herufi, na wapita njia wakasaidia pale lilipokwama. Mume asiyempa mke nenosiri alikuwa na kesi ya kujibu mbele ya wazee. Nenosiri lilikuwa la parcelle nzima, yaani la wote wanaoishi ndani ya ua mmoja, wapangaji wakiwemo. Niliwahubiria hadi koo likakauka. Fundi seremala mmoja, Mwislamu wa familia za zamani za mjini, alinisikiliza kwa adabu yote, kisha akasema mlango wa nyumba yake haujawahi kufungwa mbele ya mke wake, na kwamba pengine mimi bado sijaolewa.

Na kutoka nje hawakujua. Mtu alimaliza kuandika, akasimama, akaenda zake na kuuacha mlango wazi. Siku moja kijana alikaa kwenye kiti kilichoachwa hivyo, akakuta mama mkwe wa mtu aliyetangulia analalamika kwa uchungu. Akamjibu, kwa niaba, kwa maneno matamu ajabu. Wiki iliyofuata yule mkwe alikuja kunishukuru kwa mashine iliyomrudishia mke wake. Sikumweleza kitu.

Kisha asubuhi moja jina la baba yangu likatokea kati ya wanachama wapya. Nilisimama hadi kiti kikaanguka. Ujumbe wake ulikuwa mfupi kama yeye: "Niko muzima. Mashine ya kushona iko muzima. Musalimie mama." Nilikimbia hadi ufukweni, nikapanda mtumbwi, nikavuka hadi Lubunga, ng'ambo kwetu, nikausoma mbele ya koko mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na hadithi. Tatizo ni jumbe zilizofuata. Wa pili ulikuja kwa Kifaransa cha ofisini, ukitusihi tupokee hisia zake za heshima ya juu. Baba yangu hajawahi kuwa na hisia za heshima ya juu kwa mtu yeyote. Wa tatu ulikuja kwa Lingala ya vijana wa Kinshasa, ukimwita koko "mère" na kumuuliza mambo vipi. Wa nne ulianza na haleluya tatu na kufunga kwa damu ya Mwanakondoo, na baba ni Mkatoliki anayesinzia kabla ya somo la kwanza.

Baba mdogo alisikiliza wa nne akiwa ameinamisha kichwa. "Hii haiko mutu moja," alisema. "Batu banatumia jina yake."

Wiki ileile, mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa ametoka Kinshasa kwa kuzunguka nchi tatu alitua Bangboka, akaleta habari: katika mtaa anakoishi baba, fundi cherehani mmoja wa Kisangani amekufa kwa homa. Jina hakulijua. Naye alisikia kwa mwingine.

Sitaki mtu amwone baba mdogo kuwa mtu mbaya kwa sababu ya firigisi. Nilimkuta nyuma ya nyumba ameegemea ukuta analia kama mtoto, na mimi nikalia naye. Lakini alishaamua. Kaka yake hawezi kufa halafu watu wakaendelea kula tu na kucheka. Lazima pawe na matanga, watu walale nje, wanawake waketi chini, tumlilie kama mtu aliyekuwa na kwao. Akaweka siku: Jumamosi. Akaenda parokiani kuazima viti, navyo vikavushwa kwa mitumbwi, miguu ikiangalia juu.

Koko alivitazama vile viti vikipangwa uani. "Mi siketi chini Jumamosi," alisema. "Banaweza keti bao benyewe."

Alinivuta jikoni, akafunga mlango, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Mulango yako," alisema kwa sauti ya chini. "Inaweza kuuliza mutu kama iko yeye kweli?"

Nikamwambia inaweza. Ningeweza kuweka swali jipya kwenye jina la baba, aulizwe baada ya nenosiri na kabla ya kuingia. Lakini kwa nini tusimuulize kwa barua tu?

"Barua banasoma batu yote. Na mugeni anaulizwa pa mulango, haiko akishaketi."

Basi akanieleza. Baba alipokuwa mtoto, babu yangu aliletewa wageni wa heshima, kuku akapikwa, na sahani ilipokuwa inakwenda kwa babu, firigisi haikuwamo. Alikuwa ameila mwanawe mkubwa, koko aliona mafuta kidevuni. Kupeleka kuku bila firigisi mbele ya wageni ni kumvua mwanamume nguo hadharani. Babu angemchuna mtoto ngozi. Koko akaingia sebuleni akaapa kuwa kuku yule alizaliwa bila firigisi, na babu, mbele ya wageni, ikabidi aamini. Siri hiyo ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao ndiye tuliyekuwa tunamtafuta.

"Uliza: nani alikulaka firigisi ya papa?"

"Na jibu?"

Alinishangaa. "Ni yeye, njo! Andika: mimi."

Niliandika swali. Nikaitwanga "mimi" kama pondu. Kanuni yangu ilikuwa ileile kwa wote: ukikosea mara tatu mlango unajifunga, na ukurasa unakuambia umwandikie Mlinzi. Nikarudi nyuma ya chumvi kungoja.

Jumatano hakubisha mtu. Alhamisi jenereta ilikosa mafuta, nikakaa nikitazama kioo cheusi na kumchukia kila mtu aliyeingia kununua sabuni. Ijumaa kompyuta ziliwaka alfajiri, na kabla ya adhuhuri nilikuta jina la baba limefungwa. Majaribio matatu, yote yamekosea. Mtu alikuwa amekuja na majani mara tatu, na mara zote pondu ilikuwa nyingine. Alijaribu nini sikuweza kujua. Ndivyo nilivyoujenga mlango wenyewe, na siku hiyo niliulaani.

Chini yake palikuwa na barua kwa Mlinzi. "Monsieur. Mashine yenu haiko sérieuse. Inauliza mutu, mutu anajibu, inakataa. Jibu ni paka. Corrigez."

Paka! Koko hakunitajia paka. Aliyekuwa na nenosiri la baba hakuwa baba, na hata kubahatisha hakujua, na juu ya hayo alikuwa na kiburi cha kunisahihisha. Nilimwomba patron ruhusa. Aliniangalia uso, akanipa na kipande cha sabuni, kwa sababu hakujua cha kumpa mtu katika hali ile.

Nilivuka mto nikilia waziwazi, na mpiga kasia akawa na adabu ya kutazama upande mwingine.

Uani viti vyote vilikuwa vimepangwa. Koko alikuwa ameketi kwenye kigoda, juu ya kigoda makusudi, ananyonyoa kuku. Baba mdogo alikuwa akifunga turubai. Nilisema yale niliyokuja kusema: kwamba mlango umeuliza, na aliyejibu amekosea mara tatu. Baba mdogo alishuka kwenye ngazi polepole akavua kofia.

"Alisema nini?" koko akauliza, bado ananyonyoa.

"Mambo ya ujinga, koko. Eti ni paka."

Mkono wake ukasimama juu ya kuku.

"Rudilia."

"Ameandika jibu ni paka. Na mimi nitengeneze mashine."

Koko akamweka kuku chini. Akasimama, mwanamke ambaye kwa kawaida kusimama kwake ni shughuli ya mikono miwili na maombi. "Muongo yangu!" alipiga kelele hadi majirani wakachungulia. "Muongo yangu! Iko muzima! Alikulaka firigisi ya papa yake, mi nikaapia wageni kuku haikuzaliwa nayo. Nilimushika na mafuta pa kidevu, akaniangalia hivi, akasema ni paka. Niliwekea ye fimbo, akasema ni paka. Siku ya ndoa yake nikamuuliza tena, mi na yeye tu: ni paka! Na hata paka hatukuwa nayo!"

"Koko, mbona hukuniambia habari ya paka?"

"Kwa nini nikuambie? Paka haikukuwako!"

Nilianza kucheka na sikuweza kuacha. Mtu mwingine yeyote, mwizi wa jina, kijana wa Kinshasa, mhubiri, akilazimishwa angebahatisha jina la mtu. Mtu mmoja tu duniani angeulizwa swali lile, mbele yake mama yake anamngoja, na akamshikilia paka wake mara tatu hadi mlango unajifunga.

Baba mdogo alikuwa bado ana kofia mkononi. "Kuku bila firigisi," alisema taratibu. "Na papa aliamini?" Kisha akageuka kuangalia sahani zote za Krismasi na Pasaka kichwani mwake, nikaona anaanza kuelewa jambo. Alianza kukunja turubai.

Nilirudi dukani siku ileile. Nilitaka kulirekebisha jibu, lakini koko alikuwa amenikataza nisigeuze kuwa kweli kitu ambacho si kweli. "Jibu iache," alisema. "Fungulia ye tu. Yeye mwenyewe." Kwa hiyo niliandika mstari mmoja wa ziada ambao hakuna kitabu kinachoufundisha: kwa mwanachama huyu, na huyu peke yake, ukikutana na jibu lisilo sahihi, na jibu hilo likiwa ni paka, fungua. Kisha Mlinzi akamjibu kwa ufupi kwamba mashine imetengenezwa.

Aliingia kesho yake, Jumamosi, siku ya matanga yake. Alieleza kila kitu bila kuulizwa. Miwani yake ilivunjika zamani, haoni herufi, basi kila aliyekuwa anakwenda kwenye kompyuta kutoka ua anaoishi alipewa nenosiri na kuambiwa atusalimie: karani, vijana, mama wa maombi. Aliyekufa kwa homa alikuwa fundi mwingine, Mungu amrehemu, na yeye ndiye aliyemshonea shati la kuzikwa nalo. Vijana waliporudi wakisema mashine inataka kujua nani alikula firigisi, aliinuka akaenda mwenyewe, kwa miguu, akamwamuru msichana wa pale aandike. Lakini hayo yote yalikuwa chini. Juu kabisa, kabla hata ya salamu, baba alikuwa ameandikisha: "Mama, munaona? Hata mashine ya Wazungu imekubali. Ni paka."

Nilimeza kicheko. Kwamba huyo Mzungu wake ni binti yake mwenyewe, angekuja kujua siku nyingine.

Nilivuka kumsomea koko. Viti vilikuwa vinarudishwa, watu waliokuja kulia walikuwa wanakula lituma, ndizi za kupondwa, na mchuzi, na hakuna aliyelalamika. Koko alisikiliza, akacheka, kisha akafunika uso kwa kitenge akalia kwa mara ya kwanza tangu mto ufungwe, sauti kubwa, mabega yakitikisika. Nilimshika hadi akatulia. Halafu akanipeleka jikoni, akaniambia niangalie juu ya mafiga, mahali ambapo moshi unapitia.

Palikuwa na waya umefungwa kati ya nguzo mbili. Juu yake palikuwa pametungwa vitu vidogo vyeusi, vikavu, vigumu kama mawe, kimoja kwa kila Krismasi na kila Pasaka, na kile cha mwisho, cha kuku wa jana, bado kilikuwa na unyevu.

"Andikia ye arudi," koko alisema. "Sema ziko yote. Paka haijagusa hata moja."